Ghorofa ya juu haikuepushi na moshi wa magari

Mhariri,

Kurasa zako za matangazo zimejaa fleti za ghorofa za juu, na karibu kila tangazo lina maneno mawili: "hewa safi". Mimi ni fundi wa mifumo ya hewa kwenye majengo marefu. Kazi yangu ni feni, mabomba ya hewa, vichujio na viyoyozi. Naingia mahali ambapo mpangaji haingii: chumba cha mitambo juu ya paa, shimo la lifti, maegesho ya magari chini ya jengo. Ninayoyakuta huko hayafanani na matangazo hayo, na watu wanaolala kwenye fleti zilizo kando ya barabara kubwa wana haki ya kujua wanavuta nini usiku kucha.

Nianze na kichujio. Ukichomoa kile kilichokaa kwenye tundu la kuingizia hewa upande wa bustani, unakuta vumbi la kijivu, nyuzi za nguo, mabawa ya wadudu na chavua. Ukichomoa cha upande wa barabara, katika jengo hilohilo, kilichofungwa siku ileile, unakuta weusi. Weusi huo unaganda kwenye ncha za vidole, unaingia kwenye mistari ya kiganja, na sabuni ya kawaida hauiogopi. Ukikikunja unasikia harufu ya dizeli. Ni masizi ya injini yaliyochanganyika na vumbi la breki, la matairi na la lami yenyewe. Mwenye jengo akiuona weusi ule hufurahi na kusema kichujio kinafanya kazi. Kweli kinafanya, ila vichujio vingi vinavyofungwa kwenye majengo ya makazi ni vile vya bei ya chini, vilivyotengenezwa kulinda mashine isijae vumbi. Huzuia chembe kubwa. Chembe ndogo, zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu, nyingi hupita na kwenda chumbani.

Wataalamu hupima chembe hizo kwa jina la PM2.5, yaani zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu. Unywele wa mtu una mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo usitarajie kuziona zikielea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa PM2.5, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka hadi 5. Kwa naitrojeni dioksidi, gesi ambayo kwenye miji hutoka sana kwenye injini za magari, lilishuka kutoka 40 hadi 10. Kabla ya hapo, mwaka 2012, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulio chini ya shirika hilo uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka uliofuata hewa chafu ya nje kwa ujumla wake nayo ikaingia kwenye kundi hilo. Haya si maneno ya wanaharakati wenye hasira.

Turudi kwenye ghorofa. Mtu akikuambia fleti yako iko juu sana moshi hauifikii, amekupa nusu ya ukweli. Zile chembe changa kabisa zinazotoka kwenye ekzosi, na masizi, hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali na barabara, iwe kwa pembeni au kwa kwenda juu. Hapo muuzaji yuko sahihi. Lakini sehemu kubwa ya PM2.5 husambaa juu ya mji mzima, na kati ya ghorofa ya 2 na ya 15 tofauti yake mara nyingi ni ndogo. Halafu kuna majengo yenyewe, ambayo hubadilisha njia ya upepo.

Barabara ikipita katikati ya majengo marefu pande zote mbili, inakuwa korongo. Upepo unaovuka juu ya mapaa hauoshi korongo hilo kama watu wanavyodhani. Hushuka kwenye ukuta wa jengo lililo mbele yake, hurudi nyuma chini chini barabarani ukikusanya moshi, kisha hupanda nao kwenye ukuta wa jengo ambalo upepo umetokea nyuma yake. Kwa hiyo familia mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo, ghorofa moja, zinaweza kuvuta hewa tofauti kabisa. Wakazi wengi wameniambia kwa furaha kwamba upepo wa kwao unatokea nyuma ya jengo, hivyo unawafukuzia moshi kuelekea upande wa pili. Hali ilivyo ni kinyume chake: ukuta wao ndio moshi unaoupanda.

Na hiyo ni hewa ya nje tu. Njia kubwa zaidi iko ndani ya jengo, na hii ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo sitalitaja. Mama mmoja wa ghorofa ya 11 alikuwa amelalamika mara nyingi kwa uongozi kwamba chumba cha mwanawe kinanuka petroli alfajiri. Mara wakamwambia ni rangi ya jirani, mara wakamwambia ni pua yake. "Fundi, usinisikilize mimi, njoo unuse mwenyewe," alisema, akanifungulia kabla jengo halijaamka. Harufu ilikuwepo, tena ya wazi. Dirisha la mtoto lilikuwa limefungwa.

Nina kifaa changu cha kazi hizi, nacho ni ukanda wa karatasi ya chooni. Niliushika kwenye upenyo wa chini ya mlango mkuu wa fleti, ukalala kuelekea ndani. Maana yake hewa ilikuwa inaingia kutoka koridoni. Feni ya bafuni ilikuwa imeachwa ikivuta usiku kucha, na hewa inayotolewa lazima ijazwe na nyingine. Nikaenda kwenye milango ya lifti ya ghorofa hiyo, karatasi ikapeperuka kutoka kwenye ufa wa milango kuja koridoni. Nikashuka hadi maegesho ya chini. Pale karatasi ilivutwa upande wa pili, ikaingia kwenye ufa na kubaki imenasa. Shimo la lifti lilikuwa linanyonya hewa ya maegesho na kuipandisha juu, ghorofa baada ya ghorofa.

Sababu yake inajulikana kwa kila fundi wa hewa. Hewa ya moto ni nyepesi. Ndani ya jengo kukiwa na joto kuliko nje, hewa hupanda kwenye ngazi na mashimo ya lifti, hutokea juu, na nyingine huvutwa kuingia kwa chini. Jengo zima hugeuka dohani. Hata penye joto kali mchana, zege hulihifadhi joto la jua na kukaa nalo usiku, wakati hewa ya nje imeshapoa, kwa hiyo mvuto huo hupata nguvu usiku na alfajiri. Lifti nayo ikipanda husukuma hewa iliyo juu yake na kuvuta ya chini yake. Ongeza feni za mabafu na za majiko, kila fleti ikivuta kivyake, na hewa itatafuta popote pa kuingilia.

Katika jengo lile makosa mengine mawili yalikuwa ya watu. Mlango wa kati ya maegesho na ukumbi wa lifti, ambao kazi yake ni kujifunga wenyewe, ulikuwa umewekewa tofali usijifunge, maana wakazi walichoka kuusukuma wakiwa na mizigo. Feni kubwa za kutoa moshi maegeshoni zilikuwa zimezimwa usiku mzima ili kupunguza bili ya umeme. Na alfajiri ndiyo saa ambayo watu huwasha magari. Injini baridi huchafua hewa kuliko injini iliyopata moto, kwa sababu kile kifaa cha kwenye ekzosi cha kusafisha moshi hakifanyi kazi ipasavyo mpaka kipate joto la kutosha. Hapo hapo mvuke wa petroli kwenye matangi na mabomba ya mafuta umeshatanda, na ndani yake mna benzini, kemikali mojawapo ya petroli, nayo ni ya kundi lile lile la kwanza la saratani.

Tuliondoa tofali. Tukafunga mpira kwenye kingo za mlango ule na kuurekebisha ujifunge bila kuumiza mtu. Tukaunganisha feni na kipima kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye injini, ziwe zinawaka zenyewe hewa inapochafuka. Harufu ikakoma. Lakini mama yule aliniuliza jambo lililonikaa: mwanawe alikuwa amelala kwenye chumba kile tangu azaliwe, na kwenye kadi yake ya kliniki palikuwa pameandikwa tu kwamba ana kifua. Nani angemwambia daktari?

Wapo watakaosema kwamba nimechukua jengo moja bovu. Ningetamani liwe moja. Nimeona tundu la kuingizia hewa ya jengo zima likiwa juu kidogo ya mdomo wa njia ya kutokea magari, kwa sababu pale ndipo bomba lilipokuwa fupi zaidi na nafuu zaidi. Nimeona tundu kama hilo likitazama kituo cha mabasi, ambapo madereva husubiri abiria bila kuzima injini. Nimeona vyumba vya watoto vimepangwa vyote upande wa barabara, na upande wa nyuma, uliotulia, ukapewa stoo, mabomba na ngazi ya dharura. Msanifu alitaka sebule ipate mandhari. Hakuna sheria aliyoivunja, na hilo ndilo linaloniumiza.

Ujuzi wa kuzuia haya upo miaka mingi. Jijini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalijengwa majengo manne ya ghorofa 32 juu ya barabara kuu, magari yakipita chini yake. Mwaka 1973 watafiti walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa majengo hayo: waliokaa ghorofa za chini, kwenye kelele zaidi za magari, walikuwa na shida zaidi ya kutofautisha sauti na ya kusoma. Utafiti huo ulihusu kelele. Huko California sheria ya mwaka 2003 iliweka zuio la kujenga shule mpya ndani ya futi 500 za barabara kuu, yaani kama mita 150, na mwaka 2005 wasimamizi wa hewa wa jimbo hilo wakashauri nyumba nazo zisijengwe karibu kiasi hicho. Mwaka 2007 ukatoka utafiti wa Kusini mwa California, uliofuatilia watoto kwa miaka, ukaonyesha kwamba wale waliokua ndani ya mita 500 za barabara kuu mapafu yao hayakukua sawasawa na ya wenzao waliokuwa umbali wa mita 1,500 au zaidi.

Na kuna Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa London aliyeishi karibu na barabara ya South Circular. Alifariki kwa pumu Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakukubali yaishie hapo, na Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo chake ukatamka kwamba hewa chafu, hasa ya magari, ilichangia kifo hicho. Iliandikwa kwenye kumbukumbu ya kifo cha mtoto. Mimi ni baba. Nilipoisoma habari ile nilitoka nikaenda kukagua upya tundu la hewa la jengo ninalokaa mwenyewe.

Watu huniuliza wafanye nini, maana hawawezi kuhama. Jibu la kwanza wanalolitarajia ni "funga madirisha", nami silitoi hivyo hivyo. Fleti iliyofungwa kutwa hujaa unyevu, hewa iliyokwisha kuvutwa na moshi wa jiko, na jiko la gesi nalo hutoa naitrojeni dioksidi yake. Fungua, ila chagua saa na upande. Fungua upande usiotazama barabara, katikati ya mchana, foleni inapopungua na jua limeshaitawanya hewa iliyotulia chini. Alfajiri tulivu isiyo na upepo ni wakati mbaya hata kama magari ni machache, kwa sababu usiku hewa ya karibu na ardhi hupoa, hutulia, na moshi hukosa pa kwenda. Saa za foleni ya asubuhi na jioni, funga ya barabarani.

Kiyoyozi cha ukutani, kile chenye kipande kimoja ndani na kingine nje, hakiingizi hewa mpya hata kidogo. Huzungusha ileile ya chumbani na kuipoza. Wavu wake huzuia vumbi la kuonekana. Hilo huwashangaza watu kila mara, maana wamekaa miaka wakiamini kwamba kinawasafishia hewa. Mwenye uwezo anunue mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, kinachozuia asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na aiweke chumba cha kulala, iwe na nguvu inayolingana na ukubwa wa chumba, mlango ukiwa umefungwa. HEPA haizuii gesi. Kwa naitrojeni dioksidi na harufu inatakiwa tabaka la mkaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, nalo huisha nguvu na kuhitaji kubadilishwa. Mashine za kutoa ozoni msizinunue kabisa. Ozoni yenyewe huumiza mapafu.

Halafu kagueni jengo lenu. Shukeni maegeshoni na ukanda wa karatasi, muuweke kwenye milango ya lifti, mwone unaelekea wapi. Mwulizeni msimamizi feni za maegesho zinawaka saa ngapi, kichujio cha hewa kilibadilishwa lini, na tundu la kuingizia hewa liko upande gani. Akishindwa kujibu la tatu, ombeni kuonyeshwa. Mpangaji anayelipa kila mwezi gharama za kuhudumia jengo ana haki ya kupelekwa juu ya paa akaone.

Lakini siwezi kumtwika mpangaji mzigo wa kosa lililochorwa kwenye ramani kabla hajazaliwa mtoto wake. Mamlaka zinazopitisha ramani za ujenzi huangalia nguzo, moto, majitaka na idadi ya nafasi za magari. Waongeze hewa. Tundu la kuingizia hewa liwe juu, upande wa mbali na barabara, mbali pia na mahali pa kutolea moshi wa maegesho. Kati ya maegesho na lifti pawepo chumba kidogo chenye milango miwili inayojifunga. Feni za maegesho ziendeshwe na kipimo, zisitegemee huruma ya anayelipa umeme. Vyumba vya kulala vipewe upande uliotulia kwanza, mandhari baadaye. Kichujio kwenye jengo lililo kando ya barabara kubwa kiwe cha daraja la kuzuia chembe ndogo, kama daraja la 13 kwenye kipimo cha vichujio kiitwacho MERV, na mashine ichaguliwe tangu mwanzo ikiwa na nguvu ya kukisukumia hewa. Kichujio kizito kwenye feni dhaifu hukata hewa tu, na msimamizi huishia kukitoa na kukitupa. Nimevikuta vimeegemezwa ukutani, safi, havijawahi kufanya kazi.

Wengine wataniambia tusubiri magari ya umeme. Nayasubiri kwa hamu, yatatuondolea ekzosi. Breki, matairi na lami vitabaki vikitoa vumbi lake, na majengo yanayopitishwa leo yatasimama miaka mingi na makosa yake ya leo.

Kwako, Mhariri, nina ombi dogo. Gazeti lako linapata fedha kwa matangazo ya fleti hizi, na sioni ubaya. Liweke basi sharti kwamba tangazo lolote litakalotumia maneno "hewa safi" litaje mambo matatu: jengo liko mita ngapi kutoka barabara kubwa iliyo karibu, tundu la kuingizia hewa linatazama wapi, na kichujio ni cha daraja gani. Mjenzi aliyejenga vizuri atajibu kwa mstari mmoja.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa mifumo ya hewa